Fremu nyingi si sawa na mchezo mwepesi
Makala moja kuhusu michezo ya kompyuta inadai kwamba kuzalisha fremu, yaani programu kubuni picha za ziada kati ya picha (fremu) halisi za mchezo, kunaifanya kadi dhaifu ya michoro iwe na kasi maradufu. Hilo ni kweli kwa macho tu, si kwa mikono. Mchezo unaochorwa fremu 30 kwa sekunde hutumia milisekunde 33 hivi kwa kila fremu. Ukiwasha DLSS 3 ya Nvidia au FSR 3 ya AMD, teknolojia zinazozalisha fremu, kihesabio cha fremu kitapanda kuelekea 60, lakini mchezo bado unaitikia kipanya kwa mwendo ule ule wa 30. Tena unazidi kuwa mzito, maana ili kubuni picha ya katikati, programu hulazimika kuizuia fremu halisi inayofuata hadi ile ya kubuni ionyeshwe kwanza. Na kazi hiyo hula kumbukumbu ya kadi, jambo linaloumiza sana kadi za gigabaiti 8. Anzeni na vivuli na miakisi: vipunguzeni, kisha washeni ukuzaji wa picha kutoka ubora wa chini, mpaka mpate fremu 60 halisi. Hapo ndipo kuzalisha fremu kunapofaa, na kwenye skrini ya hezi 120 (inayobadili picha hadi mara 120 kwa sekunde) yenye kasi inayobadilika kufuata mchezo, wekeni kikomo cha fremu 116 hivi ili picha isipasuke wala isichelewe. Chini ya 60, pengo kati ya picha mbili ni kubwa mno, ndiyo maana kingo za mhusika anayegeuka ghafla huacha ukungu. Wenye skrini za hezi 144, mkiwasha kuzalisha fremu, maandishi na alama za shabaha zinatetemeka kwenu pia?