Land Rover Ile Ile, Bima Mbili

Nimeletewa hapa Uingereza barua ya kuhuisha bima ya Land Rover yangu, 109 ya mwaka 1979, na ndani yake mna mstari mmoja ulionifurahisha kweli kweli. Kampuni inauliza kama thamani tuliyokubaliana mara ya mwisho bado inatosha, kwa kuwa bei za magari haya zimepanda. Nikiona imepitwa na wakati, niwatumie picha mpya waipandishe. Waipandishe! Gari lina zaidi ya miaka 40, na kampuni ya bima ndiyo inayonitahadharisha kwamba huenda nimeliandikia thamani ndogo.

Sasa nyumbani Tanzania mnajua wenyewe. Peleka 109 hiyo hiyo kwa wakala, omba bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe. Ataangalia kadi, atasoma mwaka wa kutengenezwa, na mazungumzo yameishia hapo. Utakatiwa bima ndogo, ile inayofidia wengine tu, uende zako. Na ukibahatika kampuni ikakubali kwa mbinde, siku ya ajali hesabu ya uchakavu itaanza kukatwa mwaka baada ya mwaka mpaka gari lako libaki na bei ya chuma chakavu.

Baba yangu mdogo aliifufua 109 yake kwa miaka. Chesesi ilichomelewa upya, injini ikashushwa na kuundwa tena, bodi ikarudishiwa rangi iliyotoka nayo kiwandani. Lori likaigonga ikiwa imeegeshwa. Bima ya lori ndiyo iliyotakiwa kulipa, na mthamini wao akaandika thamani ya gari kuukuu, kana kwamba kazi yote ile haikufanyika. Mzee hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha gari lilikuwaje kabla ya ajali, kwa hiyo hakuwa na pa kusimamia. Alichukua walichompa. Nikilikumbuka hilo nachemka mpaka leo.

Tayari nawasikia: "Umeonja Ulaya kidogo, umeanza kutudharau." Sidharau mtu. Mimi najivunia mafundi wetu kuliko kitu chochote nilichokiacha huko. Huku Uingereza nimeona watu wakilitupa gari kwa kutu ambayo fundi wa nyumbani angeikata, akachomelea bati jipya na kulirudisha barabarani. Na historia ya magari haya ni yetu pia. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 504 ilishinda mbio hizo mwaka 1975 na tena 1978, kwenye vumbi na tope letu. Wazungu leo wanazitafuta 504 kwa tochi, nasi tunaziita mikweche! Kwa hiyo ninapolalamika, nalalamika kwa sababu tuna mali, tuna ujuzi, na kwenye karatasi za bima hatuna chochote.

Tofauti yote iko kwenye kipengele kimoja cha mkataba. Bima ya kawaida, hata huku, hulipa thamani ya soko ya siku ile gari lilipoharibika. Kwa gari la kila siku hilo halina ubaya, maana yapo mengi ya aina yake yanayouzwa na bei inajulikana. Gari la kale halina soko la namna hiyo. 109 mbili za mwaka mmoja, moja chesesi imeoza na nyingine imetengenezwa mpaka kwenye skrubu, haziwezi kuwa na bei moja hata kidogo. Ndiyo maana bima ya magari ya kale hutumia thamani ya makubaliano: mnaangalia picha, risiti za gereji, pengine na barua ya mthamini au ya klabu ya wenye magari hayo, mnaandika kiasi, basi. Likiibwa au likifa kabisa, unalipwa kiasi hicho, ukitoa ile sehemu unayojibebea mwenyewe. Hakuna wa kukuletea habari za uchakavu.

Walioko Marekani wawe macho zaidi. Kule kuna mikataba ya thamani iliyotajwa na mteja, na ukiisikia haraka utadhani ni kitu kilekile. Sivyo. Kampuni nyingi kwenye mikataba hiyo hujiwekea haki ya kulipa kiasi kilicho kidogo kati ya ulichotaja na bei ya soko. Unalipia ada ya gari la thamani kubwa, kisha unafidiwa kwa bei ya gari kuukuu. Mimi kipengele hicho nakisoma kabla hata sijauliza bei, na kampuni isiyotaka kunionyesha neno "makubaliano" kwenye maandishi naiacha hapo hapo, iwe rahisi namna gani.

Masharti yapo, tena mengine yanaudhi. Maili za mwaka zina kikomo, na ukizidisha bila kusema unahatarisha fidia yako. Kampuni nyingi zinataka uwe na gari jingine la shughuli za kila siku, na gari la kale lilale ndani kwenye kufuli. Ukibadili injini au breki lazima useme. Nami huuliza pia mabaki yatakuwa ya nani, kwa sababu mwenye gari la kale akinyang'anywa mabaki amenyang'anywa spea ambazo hazipatikani tena dukani. Halafu kuna serikali: gari likitimiza miaka 40 huku, mwenyewe anaweza kuliombea msamaha wa kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana halidaiwi tena ukaguzi wa kila mwaka. Bima tu ndiyo haisamehewi likiwa barabarani. Sisi huko gari likizeeka kidogo kabla ya kushushwa bandarini linatozwa ushuru wa uchakavu. Naelewa nia yake, hatutaki kuwa jalala la magari yaliyowashinda wenzetu. Lakini sheria hiyo haina jicho la kutofautisha gari lililochoka na gari lililotunzwa, na makampuni yetu ya bima yamerithi upofu huohuo.

Wa pili ataniambia, "Watu wanahangaikia maji na umeme, wewe unatuletea habari za Land Rover za kuchezea." Baba mdogo hakuwa anacheza. Aliweka akiba yake yote kwenye lile gari, kama mwingine anavyoiweka kwenye kiwanja, na kiwanja hakuna anayekikatia uchakavu.

Na wa tatu, huyu huwa anafanya kazi ya bima, atasema wateja wa namna hiyo ni wachache mno. Ndugu yangu, tazama ni wateja wa aina gani. Wanaendesha kidogo, wanalaza gari ndani, hawampi mtoto wala dereva wa kuokoteza, na kelele ndogo tu ya gia boksi inawapeleka kwa fundi. Ndiyo sababu huku ada ya gari la kale mara nyingi ni ndogo kuliko ya gari la kwendea kazini. Leo nyumbani watu hao wote mnawakatia bima ndogo na kuwaaga, pesa yao inabaki mfukoni mwao na hatari inabaki kwao pia. Kuwapa thamani ya makubaliano kunataka mthamini anayeyajua magari ya zamani, na hao mnao, wamejaa mafuta mikononi kwenye magereji yenu. Anzeni na gari moja, 109 au 504, mlipige picha kila upande, mkubaliane bei na mwenyewe, muiandike kwenye mkataba, mtie saini wote wawili.