Mhudumu wa zahanati naye ni mteja wa takwimu

Makala yenu inazishauri taasisi zione takwimu zake kama bidhaa yenye mteja, yaani ziandaliwe kwa kumjali atakayezitumia, wazo lililopata umaarufu baada ya mtaalamu wa teknolojia Zhamak Dehghani kuliandika mwaka 2019, nami naliafiki, ingawa mfano wa benki mlioutoa uko mbali na wengi wetu. Tazameni MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya hapa Tanzania: mhudumu wa zahanati hujaza rejista, mwisho wa mwezi hujumlisha, kisha ripoti huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Wizara inapata inachokihitaji, lakini aliyejaza mara nyingi harudishiwi hata grafu moja ya kumwonyesha kama watoto wanaokosa dozi ya pili ya chanjo wanaongezeka. Ni bidhaa gani hiyo ambayo mzalishaji wake haionji? Niliwahi kujaza rejista hizo, na nakiri kwamba tarakimu ambayo hakuna anayekuuliza huijaza harakaharaka (si kwa uvivu, foleni ilikuwa imefika nje ya mlango). Kabla ya kununua mitambo mipya, basi, kila ripoti ipewe msimamizi anayejulikana na anayepigiwa simu, atakayeeleza maana ya kila kisanduku na kusahihisha kosa linapoonekana.