Eksirei ya mbwa na gunzi lisiloonekana

Mbwa wetu Jeki alitapika siku tatu mfululizo. Kliniki ya kwanza tuliyompeleka hapa Dar es Salaam walimpiga eksirei kabla hata ya kumshika tumbo: picha moja tu, amelazwa ubavu. Tukaambiwa tumbo ni safi, tukarudi nyumbani na vidonge. Kesho yake daktari mwingine alimpapasa polepole mpaka vidole vikagota kwenye kitu kigumu. Akamwangalia kwa ultrasaundi, na jioni ile ile akamfanyia upasuaji. Kilichotoka ni kipande cha gunzi, urefu wa kidole gumba, masalia ya mahindi ya kuchoma yanayotupwa pale kituoni.

Nikisimulia mkasa huu, wengi husema eksirei za wanyama ni njia ya kumkamua mwenye mbwa. Kwa gharama tuliyolipa bure, ninawaelewa. Ila sikubaliani nao.

Mionzi hupenya nyama kwa urahisi na kukwama kwenye mfupa na chuma. Paka akimeza sindano ya kushonea, picha itaionyesha nyeupe pee. Gunzi, kitambaa au plastiki laini havijitokezi hivyo. Daktari hulazimika kusoma dalili za pembeni, hasa utumbo uliojaa hewa na kuvimba kabla ya mahali palipoziba. Ndiyo maana picha moja ya ubavu haitoshi. Inatakiwa angalau ya pili, mnyama akiwa chali. Hata mawe ya kibofu hayaonekani yote, na kano ya goti ikikatika, picha haiionyeshi kano yenyewe.

Sasa mchukue mbwa aliyegongwa na bodaboda. Mwenye mbwa anaona mguu unaning'inia na anataka mguu upigwe picha. Daktari makini ataanza na kifua, kwa sababu huenda hewa imevuja nje ya mapafu, au kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kimepasuka na utumbo umepanda kifuani. Mguu unaweza kusubiri, kifua hakisubiri. Papo hapo, mbwa anayehema kwa shida hawezi kulazimishwa kulala chali kwa ajili ya picha. Apewe oksijeni kwanza, atulie.

Kwenye uzazi pia eksirei ina kazi ambayo ultrasaundi haiifanyi vizuri. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mifupa ya watoto huanza kuonekana kama siku ya 45. Baada ya siku ya 55 unahesabu mafuvu na migongo. Ukijua wako sita, na jike akazaa watano kisha akaacha kusukuma, hukai nyumbani ukisubiri.

Kuhusu mionzi, anayenitia hofu zaidi si mbwa anayepigwa picha mara moja. Ni mhudumu anayeshika wanyama mezani kila siku. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia mashine hizi, na aproni nzito yenye madini ya risasi si pambo. Mara nyingi ni heri mnyama apewe dawa ya kutuliza ili asishikwe na mtu, ingawa dawa hiyo inaongeza bili, na kwa mnyama mzee au mwenye moyo dhaifu ina hatari yake.

Kwa hiyo fedha ikitosha kipimo kimoja tu, mimi ningechagua kwa kuangalia kinachotafutwa: aliyegongwa, eksirei ya kifua; anayetapika na amezoea kuokota magunzi, ultrasaundi, mradi kuna mtu wa kuisoma. Na kabla ya vyote, mikono juu ya tumbo.

Daktari wa pili aliniomba ile picha ya kwanza. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kalamu juu ya vitanzi vya utumbo, viwili vyembamba na kimoja kimetuna kwa hewa. Dalili ilikuwemo tangu siku ile.