Barafu ya mia iliyowapa Bagalu ushindi

Mwanza ikishaingia mwezi wa sita, mvua imekata na vumbi limeanza, basi kelele haziishi mpaka wa nane upite. Furahisha kuna jukwaa, CCM Kirumba kuna tamasha, Sabasaba ikipita inakuja Nanenane kule Nyamhongolo, harusi ndo usiseme, spika kila kona. Mi mtu wa Tanga, nilikuja huku kuuza vifaa vya ujenzi nikaoa hukuhuku, na haya mambo nayapenda, mradi mishikaki ipo na hamna mtu ananilazimisha kucheza. Ila kwa mama mkwe wangu hayo yote takataka. Kwake sherehe ni moja tu, Bulabo, pale Bujora, Kisesa.

Kwa ambaye hajafika, Bujora ni pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, alipoanzisha yule padri wa Kikanada, Padri David Clement, kuna nyumba ya ngoma za watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na kanisa lake ukiingia unaona Usukuma mtupu. Bulabo yenyewe ni ikifika sikukuu ya Ekaristi, wanaanza na misa na maandamano, wakimaliza mambo ya Mungu yanafuata mambo ya ngoma. Na hapo ndo kwenye shughuli, maana Wasukuma kwenye ngoma wamegawanyika, kuna Bagika na kuna Bagalu, na hii ni zaidi ya Simba na Yanga, asikudanganye mtu. Wazee wanasema ilianza karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, wakabishana dawa ya nani kali, ubishi haukuisha, ikabidi wapelekane kwenye ngoma. Mpaka leo ni hivyohivyo: pande mbili zinapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule mwenye watu wengi. Hamna jaji wa kuinua kibao, hamna kupiga kura kwa meseji. Watu wanaamua kwa miguu.

Shika hilo la miguu.

Mama mkwe ni Mgika wa kuzaliwa. Alitoka Magu na khanga mpya, na kaka yake, yani mjomba wa mke wangu, ndo alikuwa anaongoza kikundi cha Bayeye, wale wanaocheza na nyoka. Nyoka kweli, chatu, siyo wa plastiki. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, akanishika mkono akanipeleka mwenyewe mpaka mstari wa mbele. "Baba, simama hapahapa. Leo kila kichwa kina kazi." Shemeji yangu nae akawekwa pembeni yangu, mke wangu nyuma, watoto wa majirani wote wakapangwa, yule mama angepewa wizara tungefika mbali.

Mi na nyoka hatujawahi kuelewana. Nikamnong'oneza shem, "Oya, hatuwezi kukaa kule kwenye miwa?" Akasema tulia, chatu hana sumu. Sasa hiyo ndo sentensi gani ya kumtuliza mtu jamani, yani nisiogope sumu niogope kukabwa tu?

Ngoma ikaanza. Na lazima niseme ukweli, ilikuwa tamu. Yale madundo makubwa yanakugonga kifuani kabla hayajafika masikioni, mjomba katoka na chatu kamvaa shingoni kama skafu ya Yuropa, anamnyanyua, anambusu, watu wanapiga vigelegele, kina mama wanamwaga sarafu. Ng'ambo ya pili Bagalu walikuwa na bugobogobo, wale wa majembe, ngoma ya kulimia ile, jembe linarushwa juu linazunguka linadakwa bila kuangalia. Nilikuwa naibia kwa jicho moja maana walikuwa wanajua, ila watu kwao walikuwa kiduchu, nusu yetu hivi. Mama mkwe alishaanza kucheka peke yake.

Nyuma yangu kulikuwa na jamaa kabeba mtoto mabegani. Mtoto ana barafu. Siyo koni, ile barafu ya ubuyu ya kwenye nailoni ndefu, nyekundu, ya shilingi mia, unang'ata kona unafyonza. Hayo yote nimeyajua baadae kwenye kikao. Kwa wakati ule nilichojua ni kwamba mjomba kaja mbele yangu na chatu, kaninyooshea kichwa cha nyoka karibu na pua, ulimi unatoka unaingia, nimeganda, mshikaki umesimama mdomoni, na ndo sekunde hiyohiyo kitu kirefu, cha baridi, chenye majimaji, kikaniingia kwenye kola nyuma na kushuka mgongoni taratibu.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo mke wangu anauigiza wageni wakija. "NYOOOKAAA! KANIINGIA!"

Afu nikakimbia.

Sasa Mtanzania akiona mwenzake anakimbia haulizi. Anakimbia kwanza, maswali akishafika. Nilisikia nyuma yangu ardhi inatetemeka, nikajua chatu wamefunguliwa wote, nikaongeza gia. Shati nilikuwa nimechomekea, mkanda umebana, kwa hiyo kile kitu hakikuwa na pa kutokea, kila nikiruka nacho kinaruka, kinanigonga kiunoni, mi najua ndo kinatafuta pa kung'ata. Wamama na mabeseni ya karanga wanakimbia, wauza miwa wanakimbia, jamaa mmoja na baiskeli yake kaibeba begani anakimbia badala ya kuipanda. Shem wangu, huyu mtaalamu wa sumu, alinipita. Na wakati nageuka kuangalia, namwona mjomba mwenyewe anakuja mbio, chatu shingoni, anauliza watu, "Nyoka yuko wapi? Nyoka yuko wapi?"

Uwanja ule kulia kuna mabanda, kushoto magari, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, kunyoosha mbele. Na mbele kulikuwa na Bagalu.

Hebu jiweke kwenye nafasi yao. Umecheza toka asubuhi, watu hawaji, dawa umeshapaka yote, umeshaanza kumtazama vibaya mganga wako. Ghafla unainua macho unaona uwanja mzima wa Bagika umeng'oka unakuja kwako mbio na makelele, mbele yao yupo mwanaume mmoja mweusi mrefu anarukaruka na kujipiga mgongoni kwa mtindo ambao haujawahi kuonekana Usukumani. Wapiga ngoma wakapagawa. Wakaongeza. Mzee wao mmoja akapiga magoti akashika udongo. Nilipofika katikati yao majembe yakarushwa juu kunishangilia, nikaanguka chini nimeishiwa pumzi, na watu walivyofika wakasimama, wakaona ngoma kumbe nzuri, wakabaki.

Upande wa pili alibaki mama mkwe. Na mbuzi wawili.

Shem akanifunua shati. Mgongo mwekundu tii. Nikasikia mtu anasema "mama yangu weee," nikafumba macho, nikaanza kumwambia mke wangu habari za deni la saruji nani kachukua nani hajalipa, maana mtu hafi na siri za duka. Shem akaweka kidole, akanusa. Akalamba. Akasema, "Ubuyu."

Ikavutwa nailoni kwenye mkanda, imepasuka, imebaki na vipande viwili vya barafu. Katoto kakajipenyeza kwenye miguu ya watu, kanalia, kanasema ni yake. Tukampa. Akaendelea kufyonza palepale bila hata kuifuta, nikasema kweli huyu atakua.

Mi nikadhani yameisha, kumbe ndo kwanza. Jioni wazee wakatazama uwanja, hamna cha kuhesabu, siku ile imeenda kwa Bagalu. Bagika wakasema nimenunuliwa. Mmoja akaapa kabisa aliniona jana yake nakunywa soda na Mgalu Kisesa senta, na ni kweli nilikunywa, ila ntajuaje Mgalu, hawana pembe. Kule Bagalu nako manju wao akaja na jogoo, mwekundu, mkubwa, kafungwa miguu kwa kamba ya katani, akanikabidhi mbele ya watu, akaniinamia sikioni akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, mganga wako yuko wapi?" Nikamwambia mimi natoka Tanga. Akatikisa kichwa taratibu, akawageukia wenzake, "Si niliwaambia."

Kukataa jogoo wa mtu mbele ya watu ni matusi, nikapokea. Kule kwa mbali nikaona khanga mpya inageuka kuondoka.

Kurudi mjini tulipanda daladala moja, maana alikuwa analala kwetu. Mama mkwe dirishani, mke wangu katikati anajiziba mdomo na mtandio mabega yakitikisika, mimi siti ya nyuma yao shati limeganda mgongoni, jogoo mapajani. Igoma ikapita, hamna neno. Mabatini ikapita. Konda akaanza kukusanya, mama mkwe akafungua fundo la khanga, akahesabu.

"Yangu hii. Na ya huyu binti. Huyo nyuma atalipiwa na Bagalu."

Konda akanitazama, akamtazama jogoo. "Kaka, na huyo nae ana nauli yake."