Herufi kubwa, herufi ndogo, shida tupu

Jamani, aliyeandika hii programu ya BBS (ubao wa ujumbe ambao watu waliupigia simu kwa modemu) enzi za DOS, ule mfumo wa zamani wa kompyuta, nilimkosea nini? Naihamishia kwenye mfumo wa Linux, na kazi haiishi. Hapa faili anaiita USERS.DAT, mbele kidogo ni Users.dat, kwingine users.dat. DOS haikujali, kwake zote ni moja. Linux inajali, tena sana: hizo ni faili tatu, na mbili hazipo! Siku nzima nawinda herufi kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Hilo likaisha, nikafungua orodha ya watumiaji. Wa kwanza tu eti amepiga simu mara milioni kadhaa. Kumbe int, yaani namba kamili kwenye msimbo, wakati ule ilikuwa baiti 2, hapa ni 4, kwa hiyo kila namba inameza kipande cha jirani yake. Na zile fremu za mistari miwili, fahari ya BBS yoyote? Zimegeuka É na Í, maana zilichorwa kwa CP437, jedwali la herufi la DOS, na hapa linasomwa jedwali jingine.

Modemu ndiyo sitaki hata kuisema. Programu inang'ang'ania COM1, tundu la kuchomeka modemu, mimi nina telnet tu, ya kuunganisha kupitia mtandao. Na katika msimbo wote huo, mwandishi wake kaacha mstari mmoja tu wa maelezo: usiguse hapa.