Mizabibu mikongwe ya Burgundy: tunalipia umri au udongo?

Kwenye chupa nyingi za mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa, utaona maneno Vieilles Vignes, yaani mizabibu mikongwe, na mara nyingi bei nayo imepanda. Sheria ya nchi hiyo haijataja umri wowote. Shirika la kimataifa la mzabibu na mvinyo, OIV, lilitaja miaka 35 mwaka 2024, ila hilo halimfungi mkulima.

Wanaoutetea ukongwe wana hoja nzito, hasa kwenye nchi ya baridi. Zabibu ya Pinot Noir, ambayo ndiyo hutoa mvinyo huo mwekundu, ina ganda jembamba, na majira ya joto huko ni mafupi. Shina likibeba vichala vingi, zabibu huchelewa kuiva na mvinyo hutoka mwepesi, mkali wa uchachu. Shina kongwe huzaa kidogo, kwa hiyo hata mwaka wa baridi sukari ya zabibu hufika kiwango kinachotakiwa. Mizizi iliyokwenda chini haiyumbishwi upesi na mvua wala ukame. Ukionja, utamu wa tunda hauji kwa pupa. Uzito unakaa katikati ya ulimi, na uchachu unabaki kuushikilia mvinyo.

Lakini uzao mdogo hauhitaji uzee. Mkulima mwenye mkasi anaweza kupunguza vichala kwenye shina la miaka 20. Mashina mengine makongwe hayazai kwa sababu yana virusi tu. Tena tunayapima mashamba yaliyosalia tu: mabaya yaling'olewa zamani, mazuri yakaachwa yazeeke, kisha sifa za udongo tukaupa umri.

Hata kwenye Romanée-Conti, shamba maarufu la Burgundy, uzee haukuyaokoa mashina. Mwaka 1945 mashina yake, yaliyochoshwa na filoksera, wadudu wanaoshambulia mizizi, yalitoa takriban chupa 600, yakang'olewa. Mwaka 2018 chupa moja ya mavuno hayo iliuzwa New York kwa dola 558,000. Sidhani bei hiyo inasema lolote kuhusu ladha.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa Comte Georges de Vogüé, nyumba ya kutengeneza mvinyo huko Burgundy. Mvinyo wake mwekundu wa shamba la Musigny hutoka kwenye mashina yaliyofikia miaka 25. Mvinyo wa mashina ya chini ya hapo nyumba huushusha daraja, ukauzwa kwa bei ndogo kwa jina la Chambolle-Musigny Premier Cru. Nyumba inayokubali hasara hiyo inajua tofauti ipo. Ila miaka 25 ni utu uzima, si ukongwe.