Katiba ya kikundi ndiyo inayowafungia nje wenye ulemavu

Kila kikundi cha bustani ninachokijua hapa Busia, upande wa Uganda, kina katiba yake. Imeandikwa kwenye daftari, husomwa siku ya kwanza, na kipengele kinachokumbukwa na wote ni kile cha faini: asiyefika siku ya kulima analipa. Mimi nasema kipengele hicho ndicho kinachowafungia nje majirani zetu wenye ulemavu, kabla hata ya kufika kwenye matope na jerikeni za lita 20. Hakuna aliyewafukuza. Tuliandika tu kwamba kazi ya mwanachama ni kushika jembe na kuinama kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Asiyeweza kuinama akajiondoa mwenyewe, nasi tukasema hakupenda kujiunga.

Inaniuma zaidi kwa sababu hapa ni Busia. Mji huu unawajua watu wenye ulemavu kwa biashara zao. Kwa miaka mingi baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, zimevuka mpaka kwenda Kenya na kurudi zikiwa zimesheheni mizigo. Wengi wa waendeshaji waliugua polio wakiwa watoto. Watafiti wamekuja wakaandika habari zao, jinsi baiskeli ile ilivyowapa njia ya kujipatia riziki na kuoa na kusomesha. Mikono ile ina nguvu kuliko ya wengi wetu tunaoshinda dukani. Halafu mtu huyo huyo akisimamisha baiskeli yake kando ya bustani ya kikundi anaambiwa kwa sauti ya upole, "Wewe pumzika tu kaka, mboga tutakuletea." Anaitikia asante, anaondoka. Ila anayeletewa mboga hana zamu wala kura, na mwisho wa mwaka akiba ikigawanywa, jina lake halimo.

Na siku hizi kukosekana kwenye daftari la kikundi kunagharimu zaidi ya mboga. Tangu PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ilipozinduliwa Februari 2022 kule wilaya ya Kibuku, fedha za mikopo za serikali zimekuwa zikishuka hadi parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na asilimia 10 imetengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ukipiga hesabu ni milioni 10. Lakini mkopo ule haumfikii mtu mmoja mmoja akiwa amekaa nyumbani. Unapitia vikundi vya uzalishaji na SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya parishi. Basi niambieni, aliyezuiwa na kipengele cha faini kuingia kwenye kikundi cha mboga ataufikiaje mkopo huo? Fungu lipo na mlango umefungwa na sisi wenyewe, majirani, kwa kalamu ya biki.

Sheria za nchi hazina upungufu mkubwa hapo. Katiba ya 1995 inatambua haki na heshima ya watu wenye ulemavu katika ibara ya 35, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2020, na Bunge lina viti vyao maalumu. Sensa ya 2014 ilionyesha kuwa asilimia 12.4 ya Waganda wenye umri wa miaka miwili na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Kwa hiyo kikundi cha watu ishirini na tano kisicho na hata mmoja wao kijiulize kimewapataje wanachama wake.

Nikifika hapo huwa naulizwa: sawa, waingie, lakini watalima vipi? Swali ni zuri, na jibu lake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Chukua gunia la kilo 100. Kunja mdomo wake nje mpaka kimo kibaki sentimita 70 hivi. Katikati simamisha kopo kubwa la rangi lililokatwa chini na juu, lijaze kokoto, kisha zungusha udongo uliochanganywa na samadi. Vuta kopo juu kidogo, kokoto zibaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka gunia lijae. Ule mhimili wa kokoto ndio utakaopeleka maji hadi chini. Ubavuni toboa matundu, chomeka miche ya sukuma wiki na mchicha. Juu weka vitunguu. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anasogea kwa ubavu, ananyoosha mkono, anavuna.

Lililo bora kuliko gunia ni tuta la meza. Sanduku la mbao juu ya nguzo, udongo wa kina cha sentimita 20, unaotosha kwa mchicha, spinachi na vitunguu, na chini yake nafasi ya magoti. Mwenye kiti anaingia kwa mbele kama anayekaribia meza ya chakula, na mikono yote miwili inafanya kazi bila kupinda mgongo. Upana usizidi sentimita 60 ikiwa anafikia upande mmoja tu. Njia kati ya matuta iwe angalau sentimita 90, na mwishoni pawe na uwanja wa mita moja na nusu wa kugeuzia. Njia imwagwe changarawe na kushindiliwa, maana mvua ikinyesha udongo wetu mtupu unameza magurudumu.

Vipimo hivi visichukuliwe kichwani mwa fundi, vichukuliwe kwa mwili wa atakayelima hapo. Lesotho, katika miaka ya UKIMWI mkali, ilienea bustani ya duara yenye ukuta wa mawe na kijia kinachoingia hadi katikati, kwenye kikapu cha mboji, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mgonjwa au mzee anaihudumia akiwa amesimama bila kuinama. Huku kwetu Uganda nayo imefika. Ni bustani nzuri sana kwa mzee mwenye mkongojo. Lakini ukuta unaomfikia kiunoni aliyesimama unamfikia kifuani aliyekaa, na kijia chake kwa kawaida ni chembamba, kiti hakipiti. Mtaani kwetu nilishuhudia mama mmoja mwenye baiskeli ya mikono akiletwa siku ya kupima meza. Aliweka kiwiko chake juu ya ubao, akasema, "Shusha, fundi." Fundi akashusha. "Shusha tena." Akashusha mara ya pili, mama akanyoosha mkono hadi ukingo wa mbali, akatikisa kichwa, akaomba meza ipunguzwe upana pia. Ilichukua muda mfupi tu wa asubuhi, na meza ile haikuhitaji kubomolewa baadaye.

Kwa asiyeona kazi kubwa ni mpangilio. Kamba ya katani ifungwe kutoka langoni hadi kwenye matuta, fundo moja kwa tuta la kwanza, mafundo mawili kwa la pili. Miche ipandwe kwa kufuata fimbo iliyotiwa alama kila baada ya sentimita 30. Siku ya palizi anaiweka fimbo ileile mahali pake, anapapasa, na kila kilichoota pasipo alama ni gugu, anang'oa. Mrihani au mnanaa ukipandwa kwenye kona, harufu inamwambia alipofika. Na tafadhali, jembe na ndoo zirudishwe mahali pake kila siku. Ndoo iliyoachwa njiani ndiyo inayomwangusha.

Maji nayo yanahitaji kufikiriwa. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, na hakuna amri inayosema maji lazima yabebwe hivyo. Zipo jerikeni za lita tano. Ipo pia chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, ikatolewa kitako na kuzikwa kichwa chini karibu na mmea. Unaijaza mara moja, inadondosha polepole. Kwa aliye na mkono mmoja, au vidole visivyoshika vizuri, mpini wa jembe dogo ukizungushiwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli hautelezi. Fundi baiskeli anaufunga kwa bei ya chai.

Wapo wengine wanaosahaulika hata na sisi tunaozungumzia haya kila siku. Mwenye ualbino anahitaji zamu ya alfajiri au ya jioni, kofia pana na mikono mirefu. Kumpangia kazi ya saa sita mchana ni kumpeleka kwenye saratani ya ngozi. Kiziwi anahitaji ratiba iliyochorwa ubaoni na mtu wa kumgusa bega mkutano unapobadilisha mada. Na mama mwenye mtoto aliye na mtindio wa ubongo hawezi kumwacha mtoto ndani, kwa hiyo haonekani popote. Kikundi kikijenga kibanda cha kivuli, kikatandika mkeka, kikaweka zamu ya mwanachama mmoja kukaa na watoto, mama yule atakuja. Na kukaa na watoto kuhesabiwe kama zamu ya kulima.

Nimewasikia wafadhili wakipendekeza bustani ya walemavu peke yao, yenye uzio na bango. Siipendi. Bango likishapigwa picha, bustani inabaki mbali na soko, mbali na akiba ya kikundi, mbali na umbea wa asubuhi ambako ndiko watu wanakopata habari za mbegu, bei na mikopo. Wawekwe kwenye bustani ileile tunayolima wote, wakiwa na nafasi ya mweka hazina na ya mwenyekiti kama mtu mwingine yeyote. Kitalu cha miche, kuchambua mbegu, kufunga mafungu ya mboga, kuuza sokoni, kuandika daftari, kumwagilia: zote hizo ni kazi, zina jasho lake, na bila hizo jembe halileti hata shilingi.

Mvua za pili ziko njiani kuanzia Agosti na Septemba, na vikundi vingi husoma daftari upya kabla ya kupanda. Kipengele ninachopendekeza ni hiki, anayetaka akinakili: "Kila mwanachama atakuwa na kazi aliyoichagua mbele ya mkutano, na zamu yake itahesabiwa kwa kazi hiyo. Hakuna atakayelipa faini kwa kazi ambayo bustani haikumwandalia njia ya kuifanya." Kikipingwa, ombeni kura ipigwe siku nyingine, wenye ulemavu wa kijiji wakiwa wameitwa nyumba kwa nyumba, mkutano ukifanyika mahali pasipo na ngazi, na kukiwa na kiziwi, awepo mtu anayejua lugha ya alama.